Kuingia kwenye uuguzi ukiwa Dodoma: anza na cheti chako cha kidato cha nne

Nilimaliza diploma ya uuguzi na ukunga nikiwa na GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.7. Nikafanya kazi wodini miaka minane, nikaaminiwa hadi nikawa naachiwa leba usiku. Kisha nikaomba kusoma shahada, nikakwama kwa sababu ya F moja ya Hisabati niliyoipata nikiwa binti wa miaka kumi na saba. Siku ile naenda kuanza diploma hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kwamba mlango wa kwanza haukuuliza Hisabati, lakini wa pili utauliza. Nikiwa na miaka thelathini nikarudi kwenye chumba cha mtihani, nimekaa dawati moja nyuma ya kijana aliyelingana na mdogo wangu wa mwisho.

Ndiyo maana naandika haya. Nawaandikia vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita huku kwetu, kuanzia Mpwapwa na Kongwa mpaka Kondoa, Bahi, Manyoni na Iramba. Nawaandikia pia wazazi watakaouza alizeti au ng'ombe ili walipe ada.

Hatua ya 1: Nenda ukaione kazi kwanza

Usichague uuguzi kwa sababu ya sare nyeupe wala kwa sababu shangazi amesema ajira zipo. Kama kuna ndugu amelazwa, omba wewe ndiye ukae naye usiku mmoja. Keti pale ukimwangalia nesi wa zamu kuanzia saa mbili usiku hadi asubuhi.

Utamwona akisimama kwenye dripu na saa mkononi, midomo inahesabu. Daktari ameandika nusu lita iishe kwa saa nne. Mpira ule unatoa matone 20 kwa kila mililita, kwa hiyo nesi anazidisha 500 kwa 20, anapata matone 10,000, anagawa kwa dakika 240. Jibu ni matone 42 kwa dakika, yaani kumi au kumi na moja kwa kila robo dakika. Anazungusha kile kigurudumu kidogo polepole, anahesabu tena, anazungusha tena. Akikosea, mtoto mwenye upungufu wa damu anaweza kujaa maji kwenye mapafu. Hesabu hiyo anaifanya saa tisa usiku, na wagonjwa wengine kumi na wanane wanamsubiri.

Utaona pia kitu ambacho hakimo kwenye mtaala wowote. Bibi kutoka Mvumi au Hombolo amekataa kula tangu jana, kila anayemuuliza kwa Kiswahili anamjibu kwa mkato. Anakuja nesi mmoja, anainama, anamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", na uso wa yule bibi unafunguka. Ukijua Kigogo, Kirangi au Kinyaturu, usikione kama kitu cha kuficha ukishafika chuoni.

Baada ya usiku huo, kama bado unaitaka kazi, endelea na hatua zinazofuata. Kama huitaki, umejua bila kulipa ada ya miaka mitatu.

Hatua ya 2: Soma cheti chako kama msomaji mgumu

Sifa ya kuingia diploma ya uuguzi na ukunga ni ufaulu wa masomo manne au zaidi kwenye mtihani wa kidato cha nne, ukiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake ni D na kuendelea, na D inaanzia alama 30. Masomo ya dini hayahesabiwi. Nimeshawaona watoto wawili waliokuja na D nne safi, ya nne ikiwa ya somo la dini, na wote wawili walikuwa wameshamaliza kupaki begi.

Kuhusu Hisabati na Kiingereza, mwongozo wa udahili wa diploma unasema ni sifa ya ziada, yaani ukiwa nazo ni vizuri na usipokuwa nazo unaweza kupokelewa. Hapo ndipo wengi tunapojifariji. Ukija kuomba shahada kwa kutumia diploma, unatakiwa uwe na GPA ya 3.0 au wastani wa B, na juu ya hapo mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unarudi kwenye kile cheti cha kidato cha nne na kudai angalau D katika masomo matano: Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. GPA yako ya diploma haiifuti F yako ya Hisabati, hata ingekuwa 4.5.

Kwa hiyo kaa na cheti chako mezani, chukua kalamu, ujiweke kwenye moja ya hali hizi.

Ukiwa na D au zaidi kwenye yote matano, njia zote ziko wazi kwako. Nenda hatua ya 3.

Ukiwa na sayansi tatu na somo jingine moja, lakini Hisabati au Kiingereza ni F, unaweza kuanza diploma mwaka huu. Ila jiandikishe kurudia somo hilo mapema, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kabla akili haijasahau na kabla familia haijakuzunguka. Mwaka wa kwanza wa chuo ni mgumu. Wengi walioweza waliufanya mtihani huo mwaka uliofuata baada ya kidato cha nne, kabla ya kuanza chuo, au baada ya kumaliza diploma wakisubiri ajira. Uandikishaji unaanza mapema mwaka ukianza na mtihani ni Novemba, hivyo anayekumbuka mwezi wa saba ameshachelewa.

Ukiwa huna moja ya sayansi tatu, usikubali mtu yeyote akuambie "njoo tu, tutakusaidia". Rudia somo. Fizikia ndiyo inayowaangusha wengi wetu, hasa waliosoma shule za kata ambako mwalimu wa Fizikia alikuwa anakuja na kuondoka. Masomo ya sayansi yana mtihani wa vitendo, hivyo chagua kituo chenye maabara inayotumika kweli na uulize kama watahiniwa wa kujitegemea wanaruhusiwa kuingia humo kufanya mazoezi kabla ya mtihani. Usitosheke na notsi za kununua stendi.

Hatua ya 3: Diploma sasa, au kidato cha tano kwanza?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu linategemea nyumba unayotoka kuliko alama zako.

Njia ya diploma ni miaka mitatu baada ya kidato cha nne. Chuoni utasikia ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Hizo ndizo hatua za kitaifa za elimu ya ufundi, mwaka baada ya mwaka, na ukimaliza ya 6 umepata diploma. Serikalini unaajiriwa kama Afisa Muuguzi Msaidizi. Aliyeishia ngazi ya cheti anaitwa Muuguzi, na mwenye shahada anaitwa Afisa Muuguzi. Vyeo hivyo vitatu vina mishahara tofauti na majukumu tofauti, hata kama mgonjwa anawaita wote "nesi".

Njia ya kidato cha sita ni miaka miwili ya shule, kisha miaka minne ya chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya utarajali hospitalini. Kwa shahada ya uuguzi unahitaji ufaulu mkuu, yaani E kwenda juu, katika masomo matatu ya tahasusi (kombi) na jumla ya pointi 6 au zaidi. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kemia na Baiolojia hazikwepeki. Kombi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ndiyo inayofungua milango mingi zaidi. CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) na CBN (Kemia, Baiolojia na Lishe) zinapokelewa na baadhi ya vyuo na kukataliwa na vingine, kwa hiyo anayechagua kombi kwenye Selform, ile fomu ya machaguo, asiseme tu "yote ni sayansi". Fungua mwongozo wa TCU wa mwaka huo, tafuta chuo unachokitaka, usome mstari wa uuguzi neno kwa neno.

Sasa hesabu miaka. Anayepita kidato cha sita anapata shahada baada ya miaka sita, na utarajali unafuata. Anayepita diploma kisha akaenda shahada, kwa kawaida anaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka kidato cha sita, kwa hiyo ni miaka saba ya darasani. Tofauti ya darasani ni mwaka mmoja. Lakini wa diploma anaweza kuwa na kazi na leseni katikati, akalisha wadogo zake, akajua anataka kubobea kwenye nini.

Ushauri wangu ni huu. Kama una alama nzuri za sayansi, C kwenda juu, na nyumbani wanaweza kukusubiri, nenda PCB bila woga. Kama alama zako ni D nyingi, kidato cha tano cha sayansi kitakuumiza. Nimeona vijana waliotoka na sifuri ya kidato cha sita wakarudi kutumia cheti chao cha kidato cha nne kuomba diploma ileile waliyoikataa miaka miwili nyuma. Na kama wewe ndiye mtoto mkubwa na baba hayupo, diploma ni uamuzi wa busara, hata anayekucheka leo atakuja kukuona umevaa sare.

Kuna njia ya tatu inayouzwa mitaani, kozi za miezi sita au mwaka zinazotangazwa kwa picha ya binti mwenye kofia ya unesi. Baadhi ni kozi halali za wahudumu wa afya, na wahudumu ni watu muhimu sana wodini, lakini hazikufanyi muuguzi. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, anayefanya kazi ya uuguzi lazima awe amesajiliwa au kuandikishwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga na awe na leseni. Kabla hujatoa hata shilingi, uliza swali moja: "Nikimaliza hapa, Baraza litanipokea?" Akianza kuzunguka, aga kwa heshima uondoke.

Hatua ya 4: Chagua chuo kwa kuiangalia hospitali yake

Mtoto wa mama yangu mdogo alilipia mihula miwili kwenye chuo ambacho sitakitaja. Jengo zuri, bango kubwa, kompyuta mpya. Majina ya wanafunzi wake hayakuwahi kufika kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Mama yake alikuwa ameuza viwanja viwili. Hasira ile haijaniisha.

Kwa diploma, chuo lazima kiwe kimesajiliwa na NACTVET, ile ambayo wengi bado tunaiita NACTE. Kila mwaka wanatoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kinapakuliwa bure, na humo kila chuo kimeandikwa namba ya usajili, kozi, idadi ya nafasi na ada. Kama uuguzi haumo chini ya jina la chuo hicho, basi haumo, hata kama kozi nyingine zipo. Kwa shahada, kitabu ni cha TCU.

Ukishajua kipo, sahau rangi ya jengo. Uliza wanafunzi wanafanya mafunzo kwa vitendo wapi. Muuguzi anatengenezwa wodini. Chuo kilichoshikamana na hospitali yenye leba inayojaa kitakufundisha kuzalisha kwa mikono yako. Chuo kinachotegemea zahanati ndogo kitakufundisha kwa picha. Waulize wanafunzi wenyewe, nje ya geti, wanapokunywa chai: mwaka wa pili umeshazalisha mama wangapi? Mnagombania mgonjwa mmoja watu ishirini? Maabara ya ujuzi ina yale masanamu ya kujifunzia, au yamefungiwa stoo?

Kwa hapa kwetu tuna bahati ambayo mikoa mingine haina. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kinatoa shahada ya uuguzi, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko palepale kwenye eneo lake. Ni hospitali iliyoanza kupandikiza figo mwaka 2018, kwa hiyo mwanafunzi anaona uuguzi wa kibingwa kwa macho yake. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana nacho kiko mjini na kina shule ya uuguzi. Mvumi, wilaya ya Chamwino, kuna chuo cha afya kando ya hospitali ya misheni, na kule mwanafunzi anaishi karibu kabisa na wagonjwa wa vijijini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji tunaiita Jenero, haipoi usiku wala mchana. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na mwanafunzi anayepita pale kwa moyo mweupe anatoka mtu mwingine kabisa. Wengi wanaenda wakiwa na hofu, wiki ya pili wanacheza drafti na wagonjwa.

Usikatae chuo kwa sababu kiko wilayani. Kwenye hospitali ya wilaya wauguzi ni wachache, na pale unaguswa na kazi mapema zaidi.

Hatua ya 5: Pesa, zote, si ada tu

Ada iliyoandikwa kwenye mwongozo siyo yote. Andika orodha yako: malazi, chakula, sare na viatu vyake, bima ya afya, michango ya mitihani, saa yenye mkono wa sekunde, kipimo cha presha kama chuo kinadai, na nauli za vituo vya mazoezi. Nauli na chakula cha mazoezini ndivyo vinavyowavunja wengi, maana unaweza kupangiwa wilaya nyingine kwa wiki kadhaa na huko unapanga chumba upya. Omba chuo wakupe muundo wa ada wa miaka yote mitatu kwa maandishi, kisha uliza kama kulipa kwa awamu kunaruhusiwa. Mzazi wa mkulima anapata fedha baada ya mavuno. Chuo chenye akili kinalijua hilo.

Bodi ya Mikopo siku hizi haiwahudumii wa vyuo vikuu peke yao. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 wanafunzi wa diploma wa fani za kipaumbele wanaweza kuomba. Baadhi ya kozi za afya zimo, si zote, kwa hiyo angalia kwenye mwongozo wa mwaka huo kama uuguzi umo. Wanachotaka ni nyaraka: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa vizazi na vifo), cheti cha kifo cha mzazi kama amefariki, nacho kimehakikiwa, na fomu iliyosainiwa na serikali ya mtaa au kijiji. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mpango wa kusaidia kaya maskini, weka namba yenu ya huko. Uhakiki wa RITA unachukua muda, kwa hiyo uanze kabla dirisha halijafunguliwa.

Hatua ya 6: Maombi

Kozi za afya za diploma zinaombwa kwenye mfumo wa udahili wa pamoja wa NACTVET. Shahada unaomba moja kwa moja kwenye chuo kikuu husika, na anayetumia diploma anahitaji kwanza namba ya uhakiki kutoka NACTVET, inayoitwa AVN. Jaza mwenyewe. Ukimwachia kijana wa stesheneri, kaa ubavuni kwake, na nywila ibaki kwako. Nimeona mtu amekosa chuo kwa sababu namba ya simu iliyowekwa ilikuwa ya stesheneri na ujumbe wa kuthibitisha ukafia huko.

Angalia majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Neema Mazengo, cha kidato cha nne kinasema Neema J. Mazengo, kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema Nehema. Leo unaona jambo dogo. Kwenye mkopo, kwenye leseni na kwenye ajira ni jambo kubwa. Nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina, au urekebishe NIDA, sasa hivi ukiwa bado nyumbani.

Hatua ya 7: Chuoni

Masomo ni kwa Kiingereza. Mwezi wa kwanza utaona anatomia kama ukuta. Soma kwa kikundi, mfundishane kwa Kiswahili, kisha andikeni kwa Kiingereza. Linda GPA tangu muhula wa kwanza, kwa sababu ile 3.0 utakayodaiwa baadaye haijengwi mwaka wa tatu. Na ukifika wodini, msogelee nesi mzee asiye na haraka. Beba trei yake. Atakuonyesha mshipa kwenye mkono wa mtoto aliyeishiwa maji ambao hakuna kitabu kitakuonyesha.

Hatua ya 8: Baraza, na baada ya hapo

Ukimaliza chuo bado hujawa muuguzi kisheria. Kuna mtihani wa Baraza, kuna usajili, kuna leseni, na leseni inahuishwa kwa kuonyesha kwamba unaendelea kujifunza. Wenye shahada wanapitia pia mwaka wa utarajali. Weka nakala za vyeti vyako vyote kwenye simu na kwenye bahasha kwa mama.

Ukishaajiriwa serikalini na kuthibitishwa kazini, omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako kabla hujaomba chuo, la sivyo utapata nafasi ukakosa ruhusa. Figo, wagonjwa mahututi, watoto wachanga, afya ya akili: maeneo yote hayo yanahitaji wauguzi waliobobea. Mimi nilichagua ukunga.

Ile Hisabati niliipata D. Nilikuwa nasoma saa kumi alfajiri kabla ya zamu, na aliyenifundisha ni binti wa jirani wa kidato cha tatu, ambaye nilimlipa kwa kumsaidia Baiolojia. Mwaka huu ndiye aliyekuja kuniuliza achague kombi gani.